Nani Apewe Kazi?

Baba yangu alikuwa karani mjini Tabora kwa miaka 32. Ofisi aliyofanyia kazi sina haja ya kuitaja, kwani ofisi za umma za siku zile zilifanana. Juu alikaa Mzungu, katikati Mhindi au Mgoa, chini Mwafrika. Na chini kabisa alikuwapo tarishi, ambaye naye alikuwa Mwafrika. Mpangilio huo haukuwa siri wala uvumi. Ulionekana katika meza, katika nyumba za kuishi, na zaidi ya yote katika karatasi za mishahara.

Nataka kueleza habari ya cheo kimoja tu, cheo cha msimamizi wa ofisi, ambacho baba alikipata mwaka 1963. Nilikuwa na umri wa miaka 9, na ninakumbuka kuku wawili waliochinjwa siku ile, na majirani waliokuja kumpa mkono. Nilichokiona bila kukielewa ni kwamba baba, ambaye ndiye aliyekuwa akipongezwa, alikula kidogo sana. Miaka mingi ikapita ndipo aliponieleza sababu. Tangu hapo, kila ninaposikia watu wakibishana juu ya nani apewe kazi, na kama yafaa mtu apendelewe leo kwa sababu wenziwe walibaguliwa jana, mawazo yangu hurudi kwenye wale kuku wawili.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi ngazi ile ilivyojengwa, maana vijana wengi hudhani kwamba ubaguzi wa kazi katika Tanganyika ulikuwa tabia mbaya ya watu fulani tu. Haukuwa hivyo. Ulikuwa kanuni. Mwaka 1947 Waingereza waliunda tume chini ya uenyekiti wa Holmes kuchunguza utumishi wa serikali katika nchi zao za Afrika Mashariki. Taarifa yake ya mwaka 1948 ilipendekeza kwamba mtumishi asiye Mzungu, mwenye kazi na sifa sawa na Mzungu, alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu. Hesabu yake ni nyepesi: mahali ambapo Mzungu alipata shilingi 1,000, Mwafrika au Mhindi wa kazi ile ile alistahili 600. Hoja mojawapo iliyotolewa ilikuwa kwamba Mwafrika, hata akiwa na cheti kile kile, hakuwa bado na moyo wa kuwajibika kama ule wa Mzungu. Mtu alipimwa moyo wake kwa rangi, kisha kipimo kikageuzwa kuwa shilingi.

Kanuni hiyo ilidumu hadi tume nyingine, ile ya Lidbury, ilipopendekeza mwaka 1954 kuwa na utumishi mmoja usiotenganisha watu kwa rangi. Hilo lilikuwa jambo jema, lakini tusijidanganye kwamba ngazi ilivunjwa. Watumishi waliotoka Ulaya walipewa nyongeza maalumu ya kuwavutia kuja huku, na wengine wakabaki na mshahara wa msingi. Tena shule zilikuwa bado mbalimbali: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila moja na fungu lake la fedha na kikomo chake. Shule hazikuunganishwa katika mpango mmoja mpaka mwaka 1962. Kwa hiyo hata pale mlango wa ofisi ulipofunguliwa kwa wote, njia ya kuufikia ilikuwa bado na matabaka matatu. Mtoto wa Kiafrika aliyefika darasa la nane alikuwa amebahatika sana, na baba yangu alikuwa mmoja wa waliobahatika.

Hata siasa iligawanywa kwa rangi. Mwaka 1955 Gavana Twining aliweka utaratibu wa usawa wa rangi tatu katika Baraza la Kutunga Sheria: wajumbe 10 wa Kiafrika, 10 wa Kiasia na 10 wa Kizungu. Neno usawa lilisikika vizuri masikioni. Lakini Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Waasia pamoja na Waarabu wapatao laki moja, na Wazungu wapatao 20,000. Ulipofika uchaguzi wa mwaka 1958, kila mpiga kura alitakiwa kumchagua mmoja wa kila rangi. Wanachama wa TANU walijadili kura hiyo ya mseto papa hapa Tabora, Januari 1958, na wakakubali kwa shingo upande kushiriki. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitoa akaunda chama chake, African National Congress, kilichodai kwamba Tanganyika ni ya Waafrika.

Nayasema haya kwa sababu nimewahi kusikia wasomi wakilalamika kwamba Waafrika walipopata serikali waliingiza rangi katika ugawaji wa kazi. Hawakuiingiza. Waliikuta mezani, imeandikwa kwa hesabu kamili. Suala lililowakabili lilikuwa waifanyie nini.

Sasa nirudi kwa baba. Mwaka 1951 aliletewa kijana wa Kihindi amfundishe kazi. Kijana huyo alizaliwa Tabora, mtoto wa mwenye duka la vitambaa, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kinyamwezi kama cha baba. Baba alimfundisha kupanga mafaili, kuandika daftari la stakabadhi na kusoma miandiko mibaya ya mabwana wakubwa. Mwezi wa kwanza tu mwanafunzi alipata mshahara uliozidi ule wa mwalimu wake. Mwaka 1957 akafanywa msaidizi wa msimamizi, na baba akawa chini yake.

Jambo la kushangaza ni kwamba walipendana. Yule kijana alikuwa na haya juu ya mambo yale. Hakupata kumwita baba kwa jina tupu kama walivyofanya wengine. Alimwita Mzee, ingawa baba alimzidi kwa miaka michache tu. Sikukuu ya Idi kulikuwa na sahani iliyotoka kwao kuja kwetu, na nyingine iliyotoka kwetu kwenda kwao. Lakini baba aliniambia wazi: "Kila mwisho wa mwezi, tulipopanga foleni kupokea, nilikuwa namchukia kwa dakika tano."

Uhuru ulipokuja tarehe 9 Desemba 1961, nchi ilikuwa na vyeo vya juu na vya kati serikalini vipatavyo 4,450, na wananchi walikuwa wameshika robo tu ya vyeo hivyo. Mwalimu Nyerere hadi uzeeni alipenda kukumbusha kwamba tulianza na madaktari 12 na wahandisi wawili. Chuo Kikuu cha kwetu kilikuwa ndiyo kwanza kimefunguliwa, Oktoba ya mwaka ule ule, katika jengo la TANU mjini Dar es Salaam, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria wanaotosha kukaa katika chumba kimoja. Mtu aliyetazama hesabu hizi kwa utulivu angeweza kusema: tusubiri mpaka watu wetu wasome. Lakini nani angemwambia hivyo karani aliyefundisha wakubwa wake kwa miaka 10?

Vyama vya wafanyakazi havikutaka kusubiri. Wafanyakazi wa reli, chini ya Christopher Kasanga Tumbo, walikuwa wameshafanya mgomo mrefu mwaka 1960, na madai ya kuwapa Waafrika kazi za juu yalikuwa katika vinywa vyao kila siku. Hoja yao haikuwa ya kijinga. Walisema kwamba uhuru ambao haumwondoi mgeni katika kiti chake ni bendera tu. Walisema pia kwamba mtu aliyenyimwa shule hawezi kuambiwa ashindane kwa vyeti na yule aliyepewa shule. Baba alikuwa mwanachama, naye alilipa ada yake bila kukumbushwa.

Upande wa pili alisimama Mwalimu. Oktoba 1961, kabla ya uhuru, Bunge lilijadili sheria ya uraia. Baadhi ya wabunge wa TANU walitaka uraia uwe wa Waafrika, au angalau wengine wafanywe kungoja. Nyerere alikasirika kuliko watu walivyopata kumwona. Alisema serikali yake ingejiuzulu kama mswada ungeshindwa. Akawafananisha wanaotukuza rangi na Hitler, akasema kwamba tukiutenga uraia na utii kwa nchi tukauoza kwa rangi, hatutaishia hapo. Tutaendelea kugawanyika mpaka nchi ivunjike. Mswada ukapita. Mhindi au Mzungu aliyezaliwa hapa aliweza kuwa raia, na wale ambao wazazi wao walizaliwa ng'ambo walipewa miaka miwili ya kujiandikisha. Rafiki wa baba alijiandikisha mwaka 1962, miongoni mwa wa mwanzo katika mji wetu.

Lakini uraia ni jambo moja na kazi ni jambo jingine. Mwalimu huyo huyo alikubali kwamba, kwa muda, nafasi za serikali zigawanywe kwa zamu: kwanza Mwafrika anayefaa, kisha raia wa asili nyingine, kisha mgeni. Alieleza kwamba utumishi wa serikali lazima ufanane na nchi yenyewe, na kwamba pengo lililotokana na ubaguzi haliwezi kuzibwa kwa kulifumbia macho. Mwezi Januari 1962 alijiuzulu uwaziri mkuu akaenda kukijenga chama, na Rashidi Kawawa, aliyelelewa katika vyama vya wafanyakazi, akashika nafasi yake. Kawawa aliunda tume ya uafrikanishaji na mwendo ukaongezeka. Mwaka ule Elangwa Shaidi akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza polisi. Wazungu wengi waliondoka, wakilipwa fidia kwa kupoteza kazi zao. Mwishoni mwa mwaka 1963 wananchi walikuwa wamefika karibu nusu ya vyeo vile vya juu na vya kati.

Katika mwendo huo ndimo baba alimopandia. Msimamizi Mwingereza alifunga mizigo yake katikati ya mwaka 1963. Aliyekuwa akimsaidia kwa miaka sita, aliyeijua kazi na ambaye alikuwa raia kama baba, alikuwa yule rafiki yake. Jina lililobandikwa kwenye ubao wa matangazo lilikuwa la baba. Rafiki yake alilisoma akiwa amesimama na makarani wengine. Akageuka, akampa baba mkono, akasema, "Hongera, Mzee." Agosti akaacha kazi, akarudi dukani kwa baba yake.

Je, ilikuwa dhuluma? Nimelipima swali hili mara nyingi. Kwa upande mmoja, kijana yule alipanda mwaka 1951 na 1957 kwa ngazi ambayo baba alikatazwa hata kuigusa. Hakuijenga yeye, lakini alipanda nayo. Aliyefundishwa kazi na mtu, kisha akamzidi mshahara kwa sababu ya rangi, hawezi kulia sana kama siku moja mtu huyo atatangulizwa. Kwa upande wa pili, deni lile lilikuwa la nani? Zile sehemu mbili katika tano ambazo Mwafrika alinyimwa hazikubaki katika mfuko wa mtoto wa duka la vitambaa, maana naye kwa kanuni ile ile alikuwa mtu wa sehemu tatu. Zilibaki katika hazina ya serikali ya kikoloni. Wakubwa wa serikali hiyo waliondoka na fidia mkononi. Baba hakulipwa malimbikizo yake hata senti moja. Alilipwa kwa cheo cha rafiki yake. Mdai alikuwa wa kweli na deni lilikuwa la kweli, ila aliyekamatwa kulilipa alikuwa jirani.

Miezi mitano baadaye, Januari 1964, Mwalimu, sasa akiwa Rais, aliwaandikia mawaziri wake waraka. Alisema upendeleo wa Waafrika dhidi ya raia wengine katika utumishi wa serikali umekwisha. Kuanzia hapo raia wote watazamwe kwa tabia na uwezo wao, kwa sababu nchi haiwezi kuwa na raia wa daraja la kwanza na raia wa daraja la pili. Baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi waliupinga waraka huo hadharani. Kabla ubishi haujapoa yakatokea mapinduzi ya Zanzibar tarehe 12 Januari, na tarehe 20 askari wa Colito, ambako sasa ni Lugalo, wakaasi. Walitaka mshahara uongezwe na maofisa wa Kiingereza waondolewe. Hawakuwa wameasi kwa sababu ya waraka peke yake, lakini dai lao la pili lilikuwa lile lile lililosikika katika kila ofisi: kwa nini mgeni bado yuko juu yangu? Ikabidi serikali iwaite Waingereza wenyewe kuja kuzima maasi, aibu ambayo Mwalimu hakuisahau. Viongozi wengi wa wafanyakazi wakakamatwa, shirikisho lao likafutwa, ikaundwa NUTA chini ya chama. Jeshi likapata mkuu Mwafrika, Mirisho Sarakikya. Mjadala wa nani apewe kazi ukanyamazishwa kabla haujamalizika.

Ninaamini Mwalimu alikuwa na haki katika waraka ule. Ninaamini pia kwamba Tumbo na wenzake walikuwa na haki katika madai yao. Tatizo ni kwamba tulifundishwa kuona kwamba lazima mmoja wao awe mwongo. Aliyesema rangi isihesabiwe alikuwa anatazama nchi itakayokuja. Aliyesema rangi ihesabiwe alikuwa anatazama karatasi ya mshahara ya jana. Kinachonivutia zaidi ni jambo la tatu, ambalo halikupigiwa kelele. Mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, ulioanza mwaka huo wa 1964, uliweka shabaha kwamba ifikapo 1980 nchi ijitosheleze kwa watu wenye ujuzi. Wanafunzi waliosomeshwa na serikali walifungwa kwa mkataba wa kuitumikia kwa miaka mitano. Hapo upendeleo ulihamishwa kutoka katika kiti cha ofisi ukapelekwa kwenye dawati la shule, tena ukapewa tarehe. Hakuna jirani aliyenyang'anywa jina lake ubaoni ili kijana wa Ukerewe asomee uhandisi.

Wenzetu walichukua njia nyingine. Kenya ilipitisha mwaka 1967 sheria za leseni za biashara na za uhamiaji ambazo ziliwabana Waasia wasio raia, wakakimbilia Uingereza kwa maelfu mpaka Waingereza nao wakafunga mlango wao kwa sheria ya mwaka 1968. Uganda mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90, na hata waliokuwa raia hawakusalimika. Walioshangilia walidhani kwamba mali na kazi zile zitagawanywa kwa mwananchi wa kawaida. Ziligawanywa kwa wenye bunduki na jamaa zao.

Lakini na sisi tusijisifu kupita kiasi. Mtu akiondolewa juu ya kiti, urefu wa kiti haupungui. Waafrika waliopanda walirithi mshahara wa mkoloni, nyumba ya mkoloni na hata namna yake ya kumwita tarishi. Ilipofika mwaka 1966 Mwalimu alilazimika kupunguza mshahara wake mwenyewe na wa wakubwa wengine, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 likajaribu kuwazuia viongozi wasiwe matajiri kwa vyeo vyao. Tena waliopanda hawakutoka kila pembe. Walitoka mahali ambapo misheni zilijenga shule mapema na kahawa ikalipa ada: Kilimanjaro, Bukoba, Rungwe. Waislamu wengi, na watu wa mikoa iliyosahauliwa, waliona kwamba Uhuru umebadilisha rangi ya anayewatangulia, basi. Baadaye serikali ikagawa nafasi za kidato cha kwanza kwa mikoa, na wazazi wa Kilimanjaro, waliohisi kwamba watoto wao wanaadhibiwa kwa juhudi za babu zao, wakajenga shule zao wenyewe. Kila mmoja wao alikuwa na hoja. Wao nao walikuwa baba yangu na rafiki yake, katika sura nyingine.

Katika miaka ya 1990 rangi ilirudi tena mdomoni. Biashara ilipofunguliwa na mashirika ya umma yakauzwa, likaja neno uzawa, na watu wakauliza nani mzawa na nani si mzawa. Nilimwona baba, akiwa mzee sana, akizima redio.

Mjadala huu si wetu peke yetu, na waliouendesha kwa muda mrefu kuliko sisi hawajaumaliza. India iliweka katika katiba yake ya mwaka 1950 viti vya bunge kwa ajili ya watu wa matabaka yaliyodharauliwa, kwa muda wa miaka 10. Muda huo umeongezwa kila ulipokwisha. Malaysia ilianza mwaka 1971 mpango wa miaka 20 wa kuwainua Wamalay, ambao ndio wengi na ndio wenye serikali. Miaka 20 ilipita, na upendeleo mwingi ukabaki. Marekani, Rais Kennedy aliagiza Machi 1961 kwamba wenye mikataba na serikali wachukue hatua za makusudi ili watu waajiriwe bila kubaguliwa kwa rangi, na Rais Johnson akalitia nguvu agizo hilo mwaka 1965. Johnson alisema mwaka huo kwamba huwezi kumfungua minyororo mtu aliyefungwa kwa miaka, ukamweka kwenye mstari wa mbio, ukamwambia ashindane na wengine, kisha ukajiona umetenda haki. Juni 2023 Mahakama Kuu ya huko ilikataza rangi kufikiriwa katika kuwachagua wanafunzi wa vyuo, na Januari 2025 Rais Trump akalifuta lile agizo la Johnson. Kule wanaodai fidia ni wachache mbele ya wengi. Kwetu walikuwa wengi, wakiwa na dola mikononi. Tofauti hiyo ni kubwa. Wachache wakipewa upendeleo, wengi wanaweza kuuondoa wakati wowote, hata kabla deni halijalipwa. Wengi wakijipa upendeleo, hakuna wa kuwaambia kwamba deni limekwisha, isipokuwa mmoja wao athubutu. Mwalimu alithubutu, na karibu imgharimu serikali yake.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo kama ninaunga mkono kupendelea waliobaguliwa, simjibu ndiyo au hapana. Ninamwuliza maswali matatu. Deni ni la nani, na ni nani atakayelilipa? Litalipwa shuleni, mahali ambapo mlango unaweza kupanuliwa wapite wote, au litalipwa kwenye ubao wa matangazo, mahali penye nafasi moja tu? Na litaisha lini? Asiye na jibu la swali la tatu anaomba ushuru wa kudumu, hata kama analiita deni. Lakini anayekimbilia swali hilo la tatu kabla ya kusikiliza la kwanza, akasema kwamba sasa sote tuko sawa, yaliyopita si ndwele, huyo naye mara nyingi amekaa pazuri.

Rafiki wa baba alihamia Mwanza, na mwaka 1974, baada ya nyumba za kupangisha za ukoo wake kuchukuliwa na serikali, akaenda Kanada. Kila Idi ilikuja kadi. Baba alistaafu akiwa msimamizi yule yule, na kwa haki ya Mungu alikuwa msimamizi mzuri. Mara moja tu, karibu na mwisho wa maisha yake, nilimwuliza kama angepaswa kukikataa kile cheo. Alikaa kimya, kisha akacheka kidogo.

"Nikikataa ningelisha nini watoto sita?" akasema. "Ningekichukua tena. Kilikuwa changu tangu mwaka 1951. Lakini barua yangu niliipata siku mbili kabla, nikaikunja nikaiweka mfukoni. Ningemwendea nyumbani kwake usiku ule ule nikamwambia mwenyewe. Nilimwacha akasome ubaoni mbele za watu."